Duel za Daytona: mbio ambazo saa yangu haina kazi

Usiku wa Alhamisi moja ya Februari 2025, pale Daytona Beach, Florida, dereva Erik Jones alivuka mstari wa kumalizia wa mbio za Duel akiwa wa kwanza, akatangazwa mshindi, kisha akanyang'anywa ushindi. Hakuwa amekosa lolote. Wasimamizi walirudi kwenye picha wakaona kwamba taa ya njano, ile ya kuonya hatari, iliwaka kabla magari hayajafika mstarini, na sekunde ile ilipowaka, pua ya gari la Austin Cindric ndiyo iliyokuwa mbele. Taa ya njano ikiwaka katika mzunguko wa mwisho, kila mtu anahesabiwa pale alipokuwa. Cindric akapewa ushindi.

Nimeshika saa kwenye mashindano ya rali kwa zaidi ya miaka kumi, na tukio lile lilininyima usingizi kuliko lilivyostahili. Kwenye rali kazi yetu ni nyepesi kuielewa. Gari linaondoka peke yake, vumbi linatulia, linaondoka jingine. Tangu Safari ya kwanza ya mwaka 1953 mpaka hizi za Naivasha, dereva anashindana na barabara, na mimi nakaa mwisho wa barabara na saa. Sijawahi kuulizwa nani alikuwa mbele ya nani taa ilipowaka.

Daytona wameamua vingine. Wana saa nzuri kuliko zangu zote, lakini wakishaitumia Jumatano usiku wanaiweka pembeni na kuwaambia madereva: haya, nafasi zilizobaki kagombanieni wenyewe. Ugomvi huo ndio unaoitwa Duel. Ni mbio mbili za maili 150 kila moja, yaani mizunguko 60, zinazopanga safu ya kuanzia ya Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za magari ya NASCAR, ligi ya Marekani, yale yenye sura ya gari la kununua dukani ila ndani ni kitu kingine kabisa.

Wasomaji kadhaa wameniuliza mpango wenyewe ukoje, kwa sababu ukiwasha runinga katikati huelewi nani anapigania nini. Nianze na Jumatano. Kila gari linazunguka peke yake mzunguko mmoja, kumi ya kasi zaidi yanarudi mara ya pili, na mawili ya juu yanachukua mstari wa mbele wa Jumapili, siku ya Daytona 500 yenyewe. Hao wawili wamemaliza kazi. Alhamisi wanaweza kumaliza wa mwisho na bado nafasi ni yao, mradi wasilivunje gari, maana ukibadilisha gari unapelekwa mkiani. Ndiyo sababu mara nyingi utawaona wenye mstari wa mbele wakikimbia kwa adabu isiyo ya kawaida, kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe na amealikwa kula mchuzi.

Walio na namba za witiri kwenye orodha ya Jumatano wanakwenda Duel ya kwanza, wa shufwa Duel ya pili. Matokeo ya Duel ya kwanza yanajaza upande wa ndani wa safu ya Jumapili, ya pili upande wa nje. Kumi wa kwanza wa kila Duel wanapata pia pointi za msimu, mshindi 10, wa kumi 1. Hapo mambo bado ni mepesi.

Uzito uko kwenye hati. Tangu mwaka 2016 NASCAR ina hati 36 zinazomilikiwa na timu. Gari lenye hati lina uhakika wa kuingia kila mbio za ligi ya juu, hata likimaliza Duel likiwa limebebwa na gari la kukokota. Safu ya Daytona 500 ni ya magari 40. Toa 36, zinabaki nafasi nne, na nafasi hizo nne ndizo zinazogombewa na kila asiye na hati: timu ndogo zinazokimbia mara chache kwa mwaka, wakongwe waliostaafu wakakosa usingizi, vijana wanaotafuta kuonekana. Mbili kati ya hizo nne zinatolewa na saa Jumatano, kwa wasio na hati waliokuwa na kasi zaidi. Mbili zilizobaki zinatolewa Alhamisi: moja kwa kila Duel, kwa asiye na hati anayemaliza mbele ya wenzake. (Vipo vifungu vya pembeni, kwa mfano ikiwa aliyemaliza mbele alishaingia kwa saa. Sitawachosha navyo.)

Kwa hiyo kwenye Duel moja kuna mashindano mawili yanayokimbia kwenye lami moja. Kule mbele kuna magari yanayogombea kupanga foleni vizuri. Nyuma, pengine nafasi ya 12 na ya 17, kuna watu wawili watatu wanaogombea kuwepo. Kamera huwa inafuata wa mbele. Nadhani inakosea, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Kwa nini basi wasitumie saa tu? Indianapolis wanatumia. Pale magari 33 yanapangwa kwa kasi ya mizunguko minne, na saa haina huruma: mwaka 2019 ilimwacha nje Fernando Alonso, bingwa mara mbili wa Formula 1. Mtunza muda kama mimi angependa hivyo. Lakini nikiwa mkweli, saa ya Jumatano pale Daytona haimpimi dereva. Kiwanja kile ni cha maili 2.5, na kona zake zimelazwa nyuzi 31. Ukisimama chini yake unaona ukuta wa lami. Mwaka 1987 Bill Elliott alizunguka kwa wastani wa maili 210.364 kwa saa, karibu kilomita 339, na rekodi hiyo haijavunjwa kwa sababu mwaka uliofuata injini zilianza kubanwa pumzi makusudi, ili magari yasiruke kwenda kwa watazamaji. Mpaka leo zinabanwa. Chase Briscoe aliongoza Jumatano ya 2025 kwa maili 182.745, kilomita 294 hivi. Injini iliyobanwa hivyo unaikanyaga mpaka sakafuni na kuiacha hapo mzunguko mzima. Dereva kazi yake ni kushika usukani asiharibu. Namba inayotokea kwenye saa ni kazi ya mafundi wa injini na wa bodi, na timu zenye mafundi wengi ndizo zinazokaa juu.

Sasa yaweke magari hayo hayo pamoja. Aliyewahi kuendesha baiskeli nyuma ya lori la miwa anajua: unakaa karibu, upepo unapasuliwa na mwenzako, miguu inakuwa myepesi ghafla. Daytona ni hivyo hivyo, na zaidi ya hivyo, kwa sababu hata wa mbele ananufaika. Aliye nyuma anamwondolea ule mvuto wa hewa unaomshika mkia. Mawili yakifuatana ni mepesi kuliko moja. Ishirini yakifuatana yanakimbia kasi ambayo hakuna hata moja lingeifikia peke yake. Gari lililokuwa la 38 kwa saa linaweza kukaa la tano kwenye kundi, bora tu awepo wa kulisukuma.

Na ukiachwa na kundi umekwisha. Huwezi kulifikia tena peke yako, hata ukanyage mpaka buti litoboke.

Mtu anayesukumwa lazima awe na marafiki, na hapo ndipo asiye na hati anapoteseka. Ford wanasaidiana na Ford, Chevrolet na Chevrolet, Toyota na Toyota. Wanaingia kuongeza mafuta kwa pamoja, wanatoka kwa pamoja, wanajipanga upya. Gari la timu ndogo, hata kama lina nembo ile ile puani, mara nyingi halimo kwenye mazungumzo hayo ya redio. Kundi likipunguza mwendo kuingia kwenye njia ya huduma na wewe hujaambiwa, una nusu sekunde ya kuamua.

Ndiyo iliyomkuta Daniel Suárez mwaka 2020. Mwaka uliotangulia alikuwa na kiti katika timu kubwa, akakipoteza, akaja Daytona na timu ndogo isiyo na hati. Katika Duel ya kwanza, Ryan Blaney na wenzake wa Ford wakapunguza mwendo kwenda kuongeza mafuta, Suárez na Toyota yake akaja nyuma kwa kasi ya mbio, wakagongana. Mbio zikaishia hapo, na Jumapili yake pia. Miaka miwili baadaye, Juni 2022, dereva huyo huyo alishinda Sonoma, Mmeksiko wa kwanza kushinda katika ligi ile. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wanaobaki nje ni wale wasiojua kuendesha.

Au mtazame Jimmie Johnson. Mataji saba ya ligi, Daytona 500 mbili, za 2006 na 2013. Februari 2024 alikuja na gari lisilo na hati, la timu ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wamiliki, saa ikamkataa Jumatano. Alhamisi akajikuta kwenye mzunguko wa mwisho wa Duel akigombania nafasi na J.J. Yeley, mtu ambaye hajawahi kushinda mbio hata moja za ligi ile. Johnson akampita, akaingia. Yeley akakunja virago. Mbele yao Tyler Reddick alikuwa anashinda Duel yenyewe, na naapa nililazimika kutafuta jina lake asubuhi.

Heshima ya kushinda Duel yenyewe ipo, sikatai. Dale Earnhardt alishinda mbio hizi mara 12, kumi kati ya hizo mfululizo, kila mwaka kuanzia 1990 hadi 1999. Ajabu ni kwamba katika miaka yote hiyo Daytona 500 yenyewe alishinda mara moja tu, 1998, baada ya kujaribu mara 20. Alhamisi ilikuwa yake, Jumapili ikimkwepa. Nadhani mizunguko 50, kama zilivyokuwa enzi zake, ilitosha kwa mtu anayesoma upepo, lakini 200 inampa shetani muda wa kutosha.

Historia yenyewe ni ya tangu kiwanja kufunguliwa mwaka 1959, na Bill France, aliyekijenga, alikuwa na sababu ya kawaida: watazamaji hulipa kuona mbio, hawalipi kuona gari moja likizunguka. Mwaka huo kulikuwa na mbio mbili za maili 100, moja ya magari yasiyo na paa na nyingine ya yenye paa. Magari 59 yakaanza ile 500 ya kwanza, na mshindi, Lee Petty, akathibitishwa baada ya siku tatu za kuchungulia picha. (Wenzangu wa saa, siku tatu!) Mwaka 1968 mvua ilizifuta mbio za kufuzu, 1969 zikawa za maili 125, na 2005 zikafika 150. Hadi 1971 zilihesabiwa kama ushindi kamili wa ligi. Si mzaha pia: Talmadge Prince alifariki ndani ya mbio hizi mwaka 1970, Friday Hassler mwaka 1972, na wote wawili walikuwa wanatafuta nafasi ya kuanzia tu.

Nina neno moja kuhusu kanuni mpya ya 2025. NASCAR iliongeza mlango wa pembeni kwa nyota anayetoka michezo mingine ya magari: akikosa kwa saa na akikosa kwenye Duel, anaongezwa nyuma ya safu kama gari la 41. Wa kwanza kuutumia alikuwa Helio Castroneves wa Brazili, mshindi mara nne wa Indianapolis 500. Aligonga kwenye Duel, na Jumapili akaanza. Hakumnyang'anya mtu nafasi, hilo nakiri, na jina lake linauza tiketi. Lakini mwaka ule magari tisa yasiyo na hati yalikuja. Martin Truex Jr. na Johnson waliingia kwa saa. Justin Allgaier aliingia kupitia Duel ya kwanza, akiipa timu ya Dale Earnhardt Jr. nafasi yake ya kwanza kabisa katika ligi ya juu, na Corey LaJoie kupitia ya pili. Wanne wakarudi nyumbani. Kuna fundi katika moja ya timu hizo nne aliyepakia gari usiku ule ule akimwangalia Castroneves, na sijui ningemwambia nini.

Kwa mtakaokesha: Duel ya kwanza kwa kawaida inaanza saa tisa usiku kwa saa zetu, kuamkia Ijumaa. Mimi huandaa chai ya tangawizi na kipande cha karatasi. Juu naandika majina ya wasio na hati, na kila mizunguko mitano naandika nani kati yao yuko mbele na amesukumwa na nani. Njia ya huduma ikifunguliwa naacha kuandika kabisa, naangalia tu nani kaachwa. Saa yangu huwa mezani, imezimwa.