Kwa nini simu na ramani ya 1:50,000 hupishana kwa mita 300?

Ukiichukua namba ya GPS ya simu na kuiweka moja kwa moja kwenye ramani ya topografia ya Tanzania au Kenya ya 1:50,000, alama itaangukia kama mita 300 kusini na mita 90 mashariki ya pale uliposimama. Karatasini ni milimita 6 tu. Mlimani, milimita hizo zinatosha kukuhamishia upande wa pili wa korongo.

Simu haijakosea, wala ramani. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, iliyotokana na upimaji wa meridiani (mstari wa longitudo) ya 30 mashariki kutoka Afrika Kusini kuelekea Misri na kukokotolewa kwa umbo la dunia la Clarke 1880. GPS hutumia datamu nyingine, WGS84, ambayo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Vitovu vya maumbo hayo mawili vimeachana kwa karibu mita 340, basi namba zileile huonyesha mahali pawili tofauti.

Kabla ya safari, soma pembezoni mwa ramani. Ikiwa imeandikwa Arc 1960, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, chagua datamu hiyo na gridi ya UTM, yaani miraba inayotaja mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini. Programu nyingi za simu hazina chaguo hilo. Hapo piga hesabu mwenyewe: punguza 90 kwenye namba ya mashariki, ongeza 300 kwenye ya kaskazini. Kwa mfano, katika eneo la Mlima Meru, simu ikisoma 256 390 na 9 640 200, kwenye ramani weka 256 300 na 9 640 500.

Kisha hakiki kwa kontua, yaani mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Linganisha mwinuko unaosomwa na simu na kontua iliyo karibu na alama, ila angalia kwanza kama ramani inahesabu kwa futi au kwa mita. Kwenye mteremko mkali kosa la datamu hujitokeza mara moja. Kwenye tambarare kontua hazitakusaidia, tumia njia panda au daraja.

Kosa jingine ni la kanda, yaani vipande vya longitudo ambavyo UTM huigawa dunia. Longitudo ya 36 mashariki hupita kati ya Karatu na Arusha: magharibi yake ni kanda ya 36, mashariki ni ya 37. Ukivuka, namba ya mashariki hushuka ghafla kutoka kwenye 830 000 na kitu hadi 160 000 na kitu, na gridi ya karatasi ya jirani huanza upya.