Farasi wanaolala nje wakati wa baridi: nyasi kavu kwanza, nafaka baadaye

Baridi inapokaza, swali tunaloulizwa zaidi sisi wataalamu wa lishe ya mifugo ni hili: niongeze nafaka kiasi gani? Mara nyingi tunajibu kwamba nafaka isubiri, kinachotakiwa kuongezwa ni nyasi kavu.

Nafaka humeng'enywa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na joto linalotokana na kazi hiyo ni dogo. Nyuzinyuzi za nyasi hupita hadi utumbo mpana, ambako vijidudu huzichachusha kwa saa nyingi na kutoa joto tele. Farasi anayetafuna usiku kucha ana jiko linalowaka tumboni. Ukimjazia nafaka badala yake, wanga unaozidi huteremkia huko huko kwenye utumbo mpana, tindikali hupanda, na msokoto wa tumbo au maradhi ya kwato hufuata. Ule uji moto wa pumba unaopendwa sana humfariji zaidi mwenye farasi kuliko farasi mwenyewe. Joto lake halidumu muda mrefu.

Farasi mzima hula kwa siku nyasi kavu zenye uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili wake, yaani kilo 10 kwa farasi wa kilo 500. Akiwa na manyoya mazito yaliyo makavu, huvumilia hadi nyuzijoto 8 hivi chini ya sifuri bila kuhitaji nyongeza. Chini ya hapo, kila nyuzi moja huongeza mahitaji ya nishati kwa takriban asilimia 2. Kwa hiyo usiku wa nyuzi 18 chini ya sifuri, kilo 10 zinakuwa 12. Aliyenyolewa au aliyelowa huanza kuhitaji nyongeza mapema zaidi, hata kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri, kwa kuwa manyoya yaliyolala kwa maji hayashiki hewa. Ukimwona ana theluji mgongoni isiyoyeyuka usiingiwe na hofu: joto lake limebaki ndani. Mvua ya baridi yenye upepo ndiyo ya kuogopa, na hapo kibanda au hata ukuta wa kukinga upepo husaidia sana.

Maji husahaulika, na ndiyo yanayotuletea wagonjwa wengi. Majani mabichi yana maji zaidi ya nusu ya uzito wake, ilhali nyasi kavu hazifiki hata asilimia 20. Farasi anahamia chakula kikavu wakati ule ule hori limeganda juu. Akipunguza kunywa, chakula hukauka na kukwama tumboni. Theluji haitoshi kumnywesha. Angelazimika kula lundo kubwa kupata lita chache tu, tena aiyeyushe kwa nishati yake mwenyewe. Farasi wa kilo 500 anahitaji lita 30 hadi 40 kwa siku, na hunywa vizuri zaidi maji yasiyo ya barafu. Vunja barafu asubuhi na jioni au weka kifaa cha kupasha maji, na jiwe la chumvi lisikosekane.

Usimpime kwa macho. Manyoya ya baridi huficha mbavu, na blanketi huficha zaidi. Kila baada ya wiki mbili, vua glavu, ingiza vidole ndani ya manyoya ubonyeze kidogo ubavuni: mbavu ziguswe kwa urahisi chini ya nyama laini, zisichomoze kama vifundo vya mkono. Gusa pia uti wa mgongo na kiuno.

Wakiwa kundi, tenga mafungu ya nyasi yazidi idadi ya farasi kwa moja na uyaweke mbalimbali, la sivyo mnyonge atafukuzwa mpaka mwisho. Robota lenye ukungu litupwe lote, usichambue.

Nafaka ina nafasi yake kwa jike anayenyonyesha, kwa anayefanya kazi ngumu, au kwa anayekonda licha ya nyasi kuwapo muda wote. Igawe milo midogo, isiyozidi kilo 2 kila mmoja, ukiongeza taratibu kwa siku 7 hadi 10. Lakini kwa mzee anayekonda, angalia kwanza chini ya hori. Ukikuta vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu na kutemwa, tatizo ni meno: mwite daktari wa mifugo, na wakati ukimsubiri mpe nyasi zilizosagwa na kulowekwa hadi zilainike.