Ua Lako Halikufa kwa Kiu

Juma hili nimeletewa wagonjwa sita. Nawaita wagonjwa kwa heshima tu, maana wanne walikuwa maiti tayari. Watu hufika kitaluni kwangu wamepakata chungu kama mtoto mwenye homa, na kabla sijauliza lolote, neno ni lilelile: "Na nilikuwa namwagilia kila siku!"

Wao hulitoa kama ushahidi kwamba hawana hatia. Mimi nasikia mtu akiungama.

Nimekuwa nikilijibu kwa upole kwa miaka. Upole umeniishia, kwa hiyo naandika.

"Mmea ni kiumbe hai, unataka maji kila siku"

Mimea ya ndani ninayoletewa ikiwa hoi, iliyo mingi imezama. Si kwamba imekauka, imezama. Tatizo ni kwamba watu wanaiona mizizi kama mirija ya kunyonyea maji, basi. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni saa zote, na oksijeni hiyo inaipata kwenye nafasi ndogondogo zilizoachana kati ya chembe za udongo. Ukimwagilia, nafasi hizo zinajaa maji. Maji yakichuruzika, hewa inarudi. Ukimwaga tena kesho kabla maji ya leo hayajaisha, na keshokutwa vilevile, hewa hairudi. Oksijeni husambaa ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani, kwa hiyo usidhani itapenya tu yenyewe. Mizizi inakosa pumzi na kufa, halafu vimelea kama Pythium, ambavyo hupenda sana udongo uliolowa, vinamalizia kazi.

Na hapa ndipo penye mtego. Mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kupandisha maji, hata kama umesimama katikati ya dimbwi. Majani yake yanalegea, sawasawa na ya mmea wenye kiu. Mwenye nyumba anaona yamelala, anakimbilia kopo. Kesho yake yamelala zaidi, anaongeza. Mama mmoja aliniambia, "Nilipoona unalegea, nikaanza kumwagilia asubuhi na jioni." Mama yangu, umemkuta mtu anazama, ukamnywesha maji.

Jibu liko kwenye udongo, usilitafute kwenye majani. Majani yamelegea na udongo ni mkavu: kiu, mwagilia, na baada ya saa chache yatainuka. Majani yamelegea na udongo ni mbichi: mizizi. Ukiona majani ya chini yanakuwa ya njano na laini, shina linabonyea karibu na udongo, na chungu kinanuka matope ya mtaroni, weka kopo chini. Wale wadudu wadogo weusi wanaorukaruka juu ya chungu nao ni mashahidi. Mabuu yao huishi kwenye tabaka la juu la udongo wenye unyevu; liache likauke kabla hujaenda kununua dawa.

Kisha huja swali linalonipandisha presha: "Basi nimwagilie mara ngapi kwa wiki?"

Hakuna idadi. Ningekuwa nayo ningeibandika mlangoni nikapumzika. Chungu cha udongo wa kuchoma hupitisha unyevu ubavuni, cha plastiki hakipitishi. Mmea mkubwa ulioshonana ndani ya chungu kidogo hukausha udongo upesi, na mche mdogo kwenye chungu kikubwa huishi kwenye kinamasi (ndiyo maana usikimbilie kuuhamishia kwenye chungu kikubwa "ili ukue"). Mmea uleule, ukiutoa dirishani na kuupeleka pembeni, hupunguza kunywa, kwa sababu maji yanayopanda kutoka mizizini karibu yote hutoka kama mvuke kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya majani, na kwa mimea mingi stomata hufunguka penye mwanga. Kalenda haijui lolote kati ya hayo.

Dawa yangu ni moja, na wanaonifahamu wameshaichoka: nyanyua chungu. Mwagilia vizuri, polepole, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini. Yakishachuruzika, kibebe usikie uzito wake. Kesho kibebe tena. Keshokutwa tena. Siku kikiwa chepesi, ndiyo siku ya maji. Baada ya majuma mawili mkono wako hautauliza mtu. Kama chungu hakibebeki, tia kidole hadi pingili ya pili. Maji yaliyobaki kwenye sahani ya chini yamwage baada ya nusu saa. Sahani si kisima.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Kuna wanaodhani suluhisho la maji mengi ni kuweka vijiko viwili kila asubuhi. Hivyo unalowesha juu tu, mizizi ya chini inakauka, na chumvi za mbolea zinajilimbikiza kwa kuwa hakuna maji ya kuzisukuma nje. Ule ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, mara nyingi ndizo hizo.

"Mbona pothosi yangu, ule mmea unaotambaa, inaishi kwenye glasi ya maji miaka yote?" Swali zuri. Mizizi iliyoota ndani ya maji imejengeka kuishi humo tangu mwanzo, na maji ya glasi unayoyabadilisha yana oksijeni iliyoyeyuka, bila udongo uliooza kuishindania. Mizizi iliyozoea udongo ikifurikishwa ghafla haina maandalizi hayo.

Kama umeshachelewa, toa mmea chunguni. Kata mizizi yote ya kahawia inayopondeka mkononi, acha iliyo migumu na yenye rangi ya kung'aa, panda upya kwenye udongo mpya na chungu kinachoitosha mizizi iliyobaki. Kama hakuna iliyobaki, tafuta kipande cha shina kilicho kizima, chenye kifundo (pale panapoota jani), ukioteshe. Usiutilie mbolea. Humlishi pilau mtu aliye chumba cha wagonjwa mahututi.

Wateja wangu walioacha ratiba wakashika mtindo wa kubeba vyungu hurudi na habari tofauti kabisa. Hawanisimulii tena juu ya maji. Wanasimulia jani jipya lililoamka likiwa limejiviringa na jioni limekunjuka, au buibui aliyehamia nyuma ya kabati la vyungu na sasa ana jina. Sikuwauzia hayo, yalikuwepo tangu mwanzo.

"Weka kokoto chini ili maji yatoke"

Hapana. Loanisha sifongo, ilaze bapa mkononi mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itadondosha tena. Udongo nao hufanya hivyo: sehemu ya chini kabisa hubaki imelowa, na kadiri udongo ulivyo mfupi ndivyo eneo hilo linavyokaribia mizizi. Ukiweka kokoto hujaondoa kinamasi, umekipandisha ghorofani. Kinachohitajika ni tundu. Chungu kizuri kisicho na tundu kifanye vazi tu, mmea ubaki kwenye chungu chake cha plastiki ndani yake.

"Sebule yangu ina mwanga wa kutosha, mbona naona vizuri"

Unaona vizuri kwa sababu macho yako hujirekebisha bila kukuambia. Nje, jua la mchana hufikia lux 100,000 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Mita chache kutoka dirishani unaweza kubaki na mia chache, au chini ya hapo, na bado ukasoma gazeti. Wewe unasoma, mmea unafunga saumu. Shina likirefuka na majani yakiachana huku yote yakielekea upande mmoja, hilo ni ombi. Sogeza meza. Na ukiuacha pale penye kiza, punguza maji, tumeshaongea.

"Mimea chumbani hunyonya oksijeni usiku"

Hii huniletea wanandoa waliokasirikiana. Mtu mzima akipumua hutoa takriban kilo moja ya kaboni dioksidi kwa siku. Chungu cha maua hakikaribii hata kidogo hapo. Kama chumba kinawatosha wawili, ua halitawamaliza. Sansevieria, ile yenye majani yaliyosimama kama panga, hata hufungua stomata zake usiku na kuingiza kaboni dioksidi, ingawa ni kiasi kidogo mno kukufaa lolote.

Lakini wauzaji wenzangu nao waache kusema kwamba chungu kimoja "kinasafisha hewa". Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, la mwaka 1989, lililofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Nyumba yako ina milango. Mwaka 2019 watafiti Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya namna hiyo na kukokotoa kwamba ili mimea ilingane na mzunguko wa kawaida wa hewa katika jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Utalala wapi? Fungua dirisha.

Mimi ninaiuza kwa sababu nyingine. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wengine 8.70, na hao wa miti walitumia dawa kali za maumivu kwa nadra kuliko wale wengine. Ni kundi dogo, sitalitangaza kama muujiza. Lakini angalia: miti ile ilikuwa nje ya kioo, na wao walikuwa wakiitazama tu.

"Paka anajua mwenyewe cha kutokula"

Hajui. Yungiyungi wa jenasi ya Lilium, na Hemerocallis anayefanana naye, wanaua figo za paka. Jani, ua, chavua aliyoilamba kwenye manyoya, hata maji ya chombo. Usisubiri uone dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Nyumba yenye paka isiwe na yungiyungi, na hapa sijadiliani na mteja. Dieffenbachia ni afadhali kidogo, fuwele zake za kalsiamu oksaleti, ndogo na kali kama sindano, huunguza mdomo na koo, lakini nayo iweke asikoweza kufika, yeye wala mtoto anayetambaa.

"Mimi sina mkono wa kupanda"

Hii nasikia hasa kwa watu walioua mmea mmoja. Mmoja! Nyuma ya kitalu changu kuna lundo la mboji linalonifika kiunoni, na sehemu kubwa ni mimea iliyofia mikononi mwangu, kwa baridi, kwa utitiri, kwa chungu nilichokosea. Juu kabisa juma hili upo mmoja niliousahau nyuma ya mlango wa stoo. Ule, kwa haki kabisa, ulikufa kwa kiu.