Hitilafu ya swichi ya ndege ya rimoti mara nyingi si shoti

Shoti ni hali ya mkondo wa umeme kupata njia ya mkato kutoka upande chanya hadi upande hasi wa betri bila kupitia kifaa kilichokusudiwa kuutumia. Maana yake ni hiyo, na haina utata. Hata hivyo, hapa Tabora jina hili limekuwa la kila ugonjwa wa umeme: taa ikigoma ni shoti, redio ikikoroma ni shoti, na ndege ya rimoti ikiacha kutii amri hewani na kuja chini kama jiwe, utaambiwa swichi, ile ya kuwashia umeme wa betri ndani ya ndege, ilipiga shoti. Hili la ndege ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu anayetafuta shoti hupima kitu kisichohusika, hakioni, kisha huirudisha ndege angani ikiwa na ugonjwa uleule.

Shoti ya kweli haijifichi. Waya chanya na waya hasi zikigusana, betri humwaga mkondo mkubwa kwa wakati mmoja, plastiki ya waya hulainika na kunuka, na betri ya lithiamu inaweza hata kuvimba na kuwaka. Iwapo ndege imeokotwa majanini, waya zake ni nzima, betri ni ya baridi, na ukiizima na kuiwasha tena usukani unacheza vizuri, basi hapo hapakuwa na shoti. Isitoshe, katika swichi inayokata waya chanya peke yake, waya hasi haufiki kwenye vigusano (vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi) hata kidogo, kwa hiyo upande hasi wa kugusana nao haumo ndani yake.

Kinachoitesa swichi ya namna hii ni kinyume cha shoti: umeme unapita kwa taabu. Ndani ya swichi ndogo ya kusukuma kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyosuguana na kushikana. Vumbi letu la kiangazi huingia kwenye ule mwanya wa kitelezi, mafuta ya moshi wa injini huligandisha humo, mtikisiko hulegeza vipande, na kutu hafifu hutanda juu ya chuma. Eneo la kugusana hupungua na ukinzani huongezeka. Hii ndiyo sababu swichi nyingi za risiva, yaani kipokezi cha amri za rimoti ndani ya ndege, huwa na jozi mbili za vigusano, na ndiyo sababu waundaji makini huifunga swichi upande ambao bomba la moshi halielekei.

Athari ya ukinzani huo hutegemea mkondo unaopita, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kanuni ya Ohm, ambayo Georg Simon Ohm aliichapisha mwaka 1827, inasema volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Chukua betri ya seli nne za nikeli, yenye volti 4.8, na swichi iliyochakaa hadi kufikia ukinzani wa nusu ohm. Ndege ikiwa mezani imetulia, ikivuta moja ya kumi ya ampea, kinachopotea ni volti 0.05, na hakuna atakayegundua. Ndege hiyohiyo ikiwa hewani, servo zote, yaani mota ndogo zinazosukuma usukani, zikihangaika dhidi ya upepo na kuvuta ampea 3, zinapotea volti 1.5, na risiva inabaki na volti 3.3, hata kabla ya kuhesabu kwamba betri yenyewe nayo hulegea inapobebeshwa mzigo. Zipo risiva za gigahezi 2.4 zinazojizima na kuanza upya volti zikikaribia 3.5. Sekunde chache za kuanza upya zinatosha kabisa kuipoteza ndege.

Kwa hiyo mlio wa multimita, kile kipimo cha umeme, ambao mafundi wengi huutegemea kuona kama njia imeungana, hausaidii hapa. Multimita nyingi hulia hata pakiwa na ukinzani wa ohm kadhaa, tena zinapitisha mkondo mdogo sana zinapopima. Mlio unathibitisha kwamba njia ipo, lakini haukuambii ni pana kiasi gani. Vilevile, kupima volti huku servo zimelala ni kumpima mgonjwa wa pumu akiwa ameketi.

Pima servo zikiwa kazini. Kama ndege ni ya mota ya umeme, ng'oa panga (propela) kwanza. Weka multimita kwenye volti, ncha moja uigusishe kwenye waya chanya kabla ya swichi na nyingine kwenye waya huohuo baada ya swichi, kisha mwenzako achezeshe vijiti vyote vya transmita (rimoti ya mkononi) kwa pamoja huku wewe ukiitikisa swichi kwa kidole. Swichi nzima huonyesha sehemu ndogo sana ya volti moja, na tarakimu hutulia. Iliyochoka huonyesha tarakimu zinazorukaruka na kupanda. Halafu linganisha volti za kwenye betri na za kwenye tundu la risiva lisilotumika. Zikishuka zote kwa pamoja, betri ndiyo iliyochoka. Zikishuka kwenye risiva peke yake, tatizo liko njiani, yaani kwenye swichi, plagi au waya. Swichi yenyewe, ikibainika hivyo, ni ya kubadilishwa. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vigusano huirudishia uhai wa muda mfupi tu, na si wa kuuamini hewani.

Kijana anayempelekea fundi ndege yake asimwambie kwamba swichi imepiga shoti, maana fundi mwaminifu ataitafuta shoti hiyo, ataikosa, na ataitangaza ndege kuwa nzima. Amwambie kwamba swichi inapoteza volti servo zinapofanya kazi, na amtajie ni volti ngapi.