Kwadi na bagi za toleo la 2024: uliza mkanda kabla ya kuuliza nguvu

Ukisoma matangazo ya toleo la 2024 utadhani habari kubwa ni zile nguvu za farasi 240 za Can-Am Maverick R. Mimi ni fundi wa mashine hizi hapa Oman, kazi yangu ni kuzifungua na kuzifunga, na naona habari kubwa iko mahali ambapo mnunuzi hatazami kabisa: kwenye kile kifaa kinachopokea nguvu ya injini na kuipeleka magurudumuni. Kwa miaka mingi bagi nyingi zimetegemea mkanda wa mpira. Kwa toleo la 2024 watengenezaji wawili, Can-Am na Polaris, kila mmoja kwa njia yake, walitoa mashine kubwa mpya isiyo na mkanda huo. Ukiuliza nguvu kabla ya kuuliza hilo, umeanzia mwisho.

Kwa wanaoanza: kwadi unaipanda kwa kutanua miguu, unashika usukani kama wa pikipiki, na mwili wako ndio unaoisaidia kukata kona. Bagi ina viti, usukani wa mviringo, mikanda ya usalama na vyuma vya kinga juu ya kichwa. Na toleo la mwaka fulani huanza kuuzwa mwaka uliotangulia, ndiyo maana mashine nyingi za 2024 zilitangazwa katikati ya 2023.

Sasa tuingie ndani. Ubavuni mwa injini kuna boksi la plastiki lenye puli mbili, moja imefungwa kwenye krenki (shafti kuu ya injini), nyingine kwenye giaboksi, na mkanda mpana wa mpira umezizunguka zote mbili. Kila puli ina sahani mbili za mteremko zinazotazamana. Injini ikizunguka taratibu, sahani za puli ya krenki zinakuwa zimeachana, mkanda umezama chini, na mashine iko kwenye uwiano mzito wa kuondokea. Ukikanyaga mafuta, vizito vidogo vilivyomo ndani ya puli hiyo hurushwa nje na mzunguko, vinaisukuma sahani moja imsogelee mwenzake, mkanda unabanwa na kupanda. Kwenye puli ya pili kinatokea kinyume: springi inazidiwa, sahani zinatanuka, mkanda unazama. Uwiano unabadilika bila gia kuingia wala kutoka. Huo ndio mfumo wa CVT.

Uzuri wake ni kwamba ni mwepesi, spea zake ni nafuu, na mtalii ambaye hajawahi kuendesha chochote anaondoka nayo baada ya maelekezo ya dakika chache. Ubaya ni kwamba nguvu yote ya injini inapita kwenye msuguano wa mpira na chuma, na msuguano huzaa joto. Maverick X3 ilipotoka kama toleo la 2017 ilikuwa na farasi 154. Ikapandishwa mpaka 200. Polaris akaja na RZR Pro R, injini ya lita 2.0 yenye farasi 225. Nguvu ikapanda hivyo, mkanda ukabaki wa mpira. Hapa kwetu, kwenye matuta ya Sharqiya, ongeza jua la zaidi ya nyuzi 40 na mchanga laini unaoshika magurudumu bila kuachia. Atakayelipa ni mkanda.

Mkanda uliokufa kwa joto una sura yake. Ukifungua kifuniko, kwanza inakupiga harufu ya mpira ulioungua uliochanganyika na vumbi. Kuta za pembeni za mkanda zimeng'aa kama zimepakwa vanishi. Ukipitisha ukucha unateleza tu, ule ukwaru wa kushika chuma umekwisha. Ukiuzungusha taratibu mkononi unafika mahali pamoja, urefu wa vidole viwili au vitatu, pameliwa pakawa pembamba. Hapo panakueleza kisa kizima: dereva alinasa, magurudumu yakagoma, naye akaendelea kushikilia mafuta. Puli ya krenki ilikuwa inazunguka, mkanda umesimama, chuma kinausaga sehemu ile ile. Mkanda kama huo haufufuliwi. Na ukikatika kwenye mwendo, nyuzi zake ngumu za aramidi hujisokota nyuma ya puli ya pili, na nimeshazitoa kwa koleo mpaka kwenye sili ya giaboksi. Kumbe mteja alidhani atabadilisha mkanda tu.

Ndiyo maana Maverick R, iliyotangazwa Agosti 2023, ilinifanya niache kazi nisome maelezo yake yote. Injini ni Rotax ya silinda tatu, cc 999, yenye tabo. Lakini nyuma ya injini hakuna puli wala mkanda. Kuna giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili. Klachi moja inahudumia gia za witiri, nyingine za shufwa. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshachaguliwa na inasubiri. Mabadiliko ni klachi moja kuachia huku mwenzake anashika, na nguvu haikatiki. Ukitaka kubadilisha mwenyewe, kuna vibonyezo nyuma ya usukani. Joto halijatoweka, limehamia kwenye mafuta, na mafuta unaweza kuyazungusha na kuyapoza. Mpira huwezi kuufanyia hivyo.

Wamegusa pia miguu yake. Kile kipande kinachoshika gurudumu la mbele wamekirefusha sana kwenda juu, kama kwenye magari ya mashindano ya jangwani, ili kishindo kigawanyike kati ya mikono miwili ya sospensheni bila mmoja kubeba zaidi. Kwenye aina ya X rs gurudumu la nyuma linapanda na kushuka inchi 26, yaani sentimita 66, na upana wa mashine ni inchi 77, karibu mita mbili. Ni mashine ya mahali peupe. Usiipeleke kwenye njia za minazi.

Hata hivyo, mimi naona hatua kubwa zaidi ni ya Polaris Ranger XD 1500, ingawa vijana hawaiulizii kwa sababu haina sura ya mashindano. Polaris ni kampuni ya Marekani iliyoanzia Roseau, Minnesota, mwaka 1954, na Ranger ni bagi yake ya kazi ya tangu 1998. Hii mpya ina silinda tatu, farasi 110, inavuta pauni 3,500, karibu kilo 1,590, na bodi yake ya nyuma inabeba pauni 1,500, karibu kilo 680. Humo ndani puli zipo na mkanda upo, ila mkanda ni wa chuma: vipande vingi vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwenye pete, vinafanya kazi ndani ya mafuta, kwenye boksi lililofungwa kabisa. Maji hayaingii, vumbi haliingii.

Wenye Vitz na Nissan Note wanaujua mfumo wa namna hiyo, maana umo kwenye magari madogo ya Kijapani kwa miaka. Wanajua pia kwamba ukimwaga mafuta yasiyo yake umeua giaboksi, na onyo hilo linahamia hapa moja kwa moja. Lakini nasema ni hatua kubwa kwa sababu bagi ya kazi ndiyo inayoumiza mkanda kuliko zote. Anayekimbia kwenye matuta ana upepo wa kupoza boksi. Anayevuta tela la maji kupanda kilima kwa mwendo wa kutembea hana upepo, mzigo ni mzito, na puli zinateleza taratibu mchana kutwa. Hapo ndipo chuma ndani ya mafuta kinapolipa.

Waliobaki na mpira si kwamba wamelala. Yamaha kwenye bagi zake za CVT ametenga klachi ya kuondokea, ili mkanda ubaki umekazwa hata mashine ikisimama, usianze safari kwa kuteleza. Ana imani nao kiasi cha kutoa dhamana ya miaka 10 ya mkanda nchini Marekani. Kawasaki ameleta Ridge, injini ya silinda nne ya cc 999, na aina ya XR ina farasi 116. Inanguruma vizuri, na mtu mzima wa makamo ataipenda. Polaris pia ametoa Xpedition, farasi 114, tangi la lita 47 hivi, na unaweza kuipata yenye kibini iliyofungwa na kiyoyozi. Kwa mwenye familia anayetaka kulala jangwani, ningemwambia aitazame hiyo kabla ya Maverick yoyote.

Kwa upande wa kwadi, ya kutazamwa ni Can-Am Outlander 500 na 700 za umbo jipya, zilizoanza kutoka 2023. Jina lisikudanganye: zote mbili zina injini ile ile ya silinda moja ya cc 650, moja imepangwa kutoa farasi 40, nyingine 50. Mkanda wa mpira upo, ila puli ya krenki imewekewa rola, na kuondoka kwake ni laini kuliko kwa zile za zamani. Inavuta kilo 830. Kwa shamba inatosha sana.

Halafu kuna Honda, ambaye simsikii mtu akimtaja siku hizi na inanisikitisha. Ndiye aliyeanzisha mambo haya mwaka 1970 na US90 ya magurudumu matatu (Marekani waliacha kuuza matatu mwaka 1988 baada ya ajali nyingi, tukabaki na manne). Pioneer 1000 yake ilikuwa na klachi mbili na gia sita tangu toleo la 2016, Talon ikafuata 2019. Yaani kile Can-Am alichokipigia ngoma kwa 2024, Honda alikuwa nacho kimya kimya, kwa nguvu ndogo zaidi. Na kwadi yake ya Rancher 420 ya gia za mguu ina giaboksi ambayo fundi yeyote mzuri wa pikipiki ataielewa akiifungua. Hakuna mkanda wa kuungua, shafti inapeleka nguvu moja kwa moja.

Basi jamaa zangu wa Unguja na Diani wanaotembeza watalii nawaambia hivi. Maverick R ni mashine nzuri kupita zote nilizozitaja, na si yenu. Giaboksi ya klachi mbili ikisumbua inahitaji kompyuta ya wakala kuisoma, na kama wakala yuko ng'ambo ya bahari mashine itakaa juu ya mawe msimu mzima. Mkanda wa mpira unabadilishwa chini ya mwembe kwa funguo za kawaida. Kwa biashara ya mwendo mdogo, mgeni mmoja baada ya mwingine, CVT ya mpira bado ni chaguo la busara, au Rancher kama wateja wako wanaweza kujifunza gia.

Ila mkanda muutunze. Kwenye mchanga mzito, matope au kilima weka L, ile gia nzito ya mwendo mdogo, usisubiri mpaka unuse harufu ya mpira. Nashangaa ni watu wangapi wana mashine miaka mitatu na hawajawahi kuigusa L. H ni ya mwendo, na mwendo mdogo kwenye H ndio unaosaga mpira. Ukinasa, achia mafuta, shuka, chimba, punguza upepo wa matairi. Ukivuka maji na ukasikia injini inapiga resi lakini mashine haiendi, maji yameingia kwenye boksi: fungua plagi ya chini yatoke, weka fri, piga resi kidogo kwa vipindi mpaka mkanda ukauke, ndipo uondoke. Mkanda mpya nao usiupe mzigo siku ya kwanza. Uendeshe taratibu kwa muda ushikane na puli. Na kabla hujaufunga, futa sahani za puli, toa kila uzi wa mkanda wa zamani, puliza boksi lote. Nimeona mikanda mipya ikifa ndani ya wiki kwa sababu ya kuruka hatua hiyo moja.

Mwisho, kwa wanaonunua iliyotumika, na najua wengi wenu ndiko mliko. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha CVT mbele yako. Ni boliti chache tu. Tazama kuta za mkanda, zungusha utafute pale palipoliwa, pitisha kidole kwenye sahani uone kama kuna mfereji. Akikataa kufungua, chukua kofia yako uende. Akikubali, soma namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17 na uhesabu mpaka ya kumi. Hiyo ndiyo inayotaja mwaka wa toleo: P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Umeambiwa ni ya 2024 na pale pameandikwa N, hiyo ni ya 2022, na bei mnaanza kuizungumza upya.