Nyasi za nyumbani Houston: piga magoti kabla hujafungua bomba

Kila Agosti simu ya ofisi yetu ya ugani huanza kuita kabla sijamaliza chai, na kilio ni kilekile: "Mtaalamu, nyasi zangu zinakauka, na maji namwagilia kila jioni." Huwa nalisubiri hilo neno "kila jioni". Mara nyingi ugonjwa wenyewe umejificha hapo.

Wengi wetu Waswahili wa Houston tumelelewa penye ua uliofagiwa mpaka ukabaki mchanga na michirizi ya fagio la chelewa. Nyasi karibu na mlango zilikuwa maficho ya nyoka. Hapa mambo yamegeuka: uwanja ukiota vipara, barua ya jumuiya ya wenye nyumba inabisha hodi, na huenda faini ikafuata.

Anza kwa kujua una nyasi gani. Viwanja vingi mjini hapa vina St. Augustine, yenye jani pana, ncha butu na mashina manene yanayotambaa juu ya ardhi. Vingine vina ile wanayoiita Bermuda. Mtu wa kwetu akiichuma na kuitazama vizuri atacheka: ni ukoka uleule, Cynodon dactylon, uliovuka bahari na kupewa jina jipya. Ukoka hutambaa juu na chini ya udongo, ndiyo maana aliyewahi kuulima shambani anajua kwamba ukiung'oa leo, mvua ikinyesha umerudi. St. Augustine haina shina la chini. Ikiungua juu, haina akiba.

Kwa hiyo hazikatwi sawa. St. Augustine iache na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Ukoka wa kawaida unatosheka na 3 hadi 5. Chukua rula upime, macho yanadanganya. Najua kwa nini watu hushusha kisu cha mashine mpaka chini: wanataka wapumzike wiki mbili. Lakini ukiinyoa St. Augustine kipara mwezi wa Julai, joto likiwa nyuzi 35, jua linapiga moja kwa moja kwenye mashina na udongo. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Mabaki yaache palepale. Yakioza yanairudishia ardhi naitrojeni ambayo ungeinunua dukani.

Sasa maji. Kiasi cha sentimita 2.5 kwa wiki kinatosha wakati wa joto, na mvua inahesabiwa humo. Panga makopo matupu ya samaki jodari uwanjani, fungua maji kwa robo saa, kisha pima kilichoingia. Udongo wetu hapa kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi mzito unaonata kwenye kiatu, na hunywa polepole. Ukiona maji yanakimbilia barabarani, unamwagilia lami. Fungua dakika kumi, funga nusu saa, fungua tena. Fanya hivyo alfajiri. Maji ya jioni huacha jani limelowa usiku kucha, na kuvu hawahitaji mwaliko mwingine. Nyasi zenye kiu kweli zinajisema: majani hujikunja, na ukipita nyayo zako hubaki zimechapika.

Kiangazi kimoja niliitwa kwa mama mmoja mwenye doa la kahawia kando ya saruji anapoegesha gari. Alikuwa amelimwagilia wiki tatu bila kukosa siku. Nilichomeka bisibisi ardhini ikazama mpaka kwenye mpini. Maji yalikuwepo tele. Nikaomba kopo la kahawa, nikakata kitako chake, nikalikandamiza pale rangi ya kijani inapokutana na kahawia, nikalijaza maji. Baada ya dakika tano wakaanza kuelea: vidudu vya jamii ya kunguni, wadogo kuliko punje ya mchele, wakubwa wao weusi wenye mabawa meupe mgongoni. Dukani wanaitwa chinchi. Hufyonza utomvu wa St. Augustine, na hupenda hasa sehemu ya jua kali karibu na saruji. Mama yule alinitazama kama vile nimewaleta mfukoni.

Ukoka nao una adui wake, na huyu mnamfahamu. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016 na kuvuruga mahindi ya ndugu zetu, kwao ni huku Amerika. Mwishoni mwa kiangazi anaweza kuufyeka uwanja wa ukoka kwa siku chache. Ukiona ndege wengi wanadonoa uwanjani, changanya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya vyombo na lita 4 za maji, mwaga kwenye eneo la mita moja ya mraba, usubiri. Kama wapo, watapanda juu. Dawa huwakamata vizuri wakiwa wadogo, na ukoka ukishatafunwa kwa kawaida huchipua upya.

Mbolea ni ya majira ya kuchipua, baada ya kukata nyasi halisi, na siyo magugu, mara mbili. Peleka udongo maabara kwanza. Mifuko inayochanganya mbolea na dawa ya magugu siipendi: yenye atrazini inavumiliwa na St. Augustine lakini huudhuru ukoka, na mizizi ya miti nayo inaifyonza.

Ikifika Januari simu zinabadilika: "Zote zimekufa." Ukoka ukipigwa na jalidi hugeuka rangi ya makuti makavu na kulala. Kwaruza shina kwa ukucha. Likiwa gumu na lina weupe au ukijani ndani, weka jembe chini mpaka Aprili.