Testosteroni ya sindano haikupi mtoto

Wanakuja wawili, mke na mume, wamehangaika mwaka mzima kutafuta mtoto. Mume mabega yamejaa mlango. Karatasi ya maabara iko mezani: mbegu za kiume, sifuri. Namuuliza anatumia nini jimu. "Testosteroni tu, daktari. Si ndiyo homoni ya kiume? Mbegu si zinatakiwa ziongezeke?"

Haziongezeki, zinakauka. Nimeshachoka kulisikia hili, kwa hiyo naliandika. Ubongo unapima testosteroni iliyomo kwenye damu. Ukiiongeza kwa sindano, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inaona imezidi, inaacha kutoa LH na FSH, yaani homoni zinazoziamuru korodani zifanye kazi. Ndani ya korodani testosteroni inatakiwa iwe juu mara nyingi kuliko kwenye damu, na hiyo ndiyo inayoporomoka. Mbegu hazikomai, korodani zinasinyaa. Nikimpima kwa mkono nazikuta ndogo na laini, na mara nyingi mwenyewe alikwishaona, alikosa tu wa kumwambia.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano hiyohiyo kama uzazi wa mpango wa wanaume! Miligramu 200 kwa wiki, matokeo yakatoka 1990: zaidi ya nusu yao walifikia kukosa mbegu kabisa ndani ya miezi 6. Wengi ninaowaona wanajichoma zaidi ya hapo.

"Basi nikipumzika wiki sita nitakuwa sawa." Mbegu kutengenezwa tu ni kama siku 74, na kabla ya hapo pituitari lazima iamke. Wengi mbegu zao hurudi, ila kwa miezi, wengine mwaka na zaidi, na wapo wasiorudi. Katikati hapo kuna uchovu, huzuni na kukosa hamu, ndiyo maana watu wanarudia sindano. Usiache kimyakimya. Njoo, zipo dawa za kuziamsha korodani. Na kama umekataa kabisa kunisikiliza, basi hifadhi mbegu zako kwenye benki ya mbegu kabla ya sindano ya kwanza.

Vidonge vya homoni za namna hii ni salama kuliko sindano? Vingi vimeundwa ili ini lisivivunje haraka, na hivyo ndivyo vinavyoliumiza. Kolesteroli nzuri nayo inashuka vibaya.

"Mimi sishindani, nafanya kwa afya." Damu inakuwa nzito na msuli wa moyo unanenepa vilevile, na wewe huna daktari wa timu wa kukuona mapema.

Kwa wanawake wanaoambiwa dozi ndogo haina neno: sauti ikishakuwa nzito, kuacha dawa hakuirudishi. Dada mmoja aliniomba dawa ya kuirudisha, ameacha kupokea simu kwa sababu watu wanamwita kaka. Sikuwa nayo.